Ng'ombe wa Uskoti na uongo wa "wenzetu Ulaya"

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia. Inaanza hivi: "Wenzetu Ulaya..." Halafu msemaji anameza soda kidogo, anafuta mdomo, anamalizia: wenzetu wakishasema hapa ni hifadhi, mtu hasogei, lakini sisi ni ng'ombe, sisi ni mpunga, sisi ni nyavu, ndiyo maana mito inakauka.

Nimeisikia kwenye semina za mazingira, zile za hotelini zenye kalamu za bure. Nimeisikia kwenye vyumba vya habari. Nimeisikia kwa jamaa tuliosoma nao chuo, ambao tope pekee wanalolijua ni la Jangwani mvua ikinyesha. Ingekuwa porojo tu ningeicha ipite. Tatizo ni kwamba sentensi hii ina kazi. Ikishasemwa na wakubwa, ujue kuna watu wanaoishi kando ya maji fulani wataambiwa wafungashe.

Sasa mimi nimekwenda kwa hao wenzetu. Mnara wa Eiffel nimeuacha, kila mtu ana picha yake. Nilizunguka mashambani Ufaransa kwenye maziwa, mabwawa na vinamasi, sehemu ambazo wenyewe wamezisimikia vibao vya hifadhi. Nasema mapema ili mwenye haraka aende zake: hiyo hifadhi ya maji isiyo na watu karibu nisiione kabisa. Nilichokuta ni wavuvi, ng'ombe, chumvi, mpunga na matrekta, na ndege wako katikati yao wanakula.

Tuanze na Brenne, maana huko ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi.

Brenne iko katikati ya nchi, wilaya ya Indre. Unapanda treni Paris kituo cha Austerlitz, kama saa mbili hivi mpaka Châteauroux, na hapo treni inakuaga. Mbele ni gari la kukodi, baiskeli au huruma ya watu. Ardhi ni maskini, mchanga na mfinyanzi usiopitisha maji, nyasi za kahawia, vijilima vya mawe mekundu. Wenyewe wanaiita nchi ya mabwawa elfu moja. Pengine ni mara ya kwanza katika historia ya utalii tangazo kusema pungufu ya ukweli, kwa sababu mabwawa yenyewe ni maelfu kadhaa.

Sasa sikia. Karibu yote yametengenezwa na watu! Kazi ilianza Zama za Kati, na watawa wa abasia za pale wanatajwa kuwa mstari wa mbele. Walizuia vijito kwa matuta ya udongo ili wafuge samaki, maana siku za mfungo nyama ilikatazwa na bahari iko mbali. Samaki mwenyewe anaitwa karpe, mnene, mvumilivu, anaishi kwenye maji ya tope bila kulalamika. Bwawa la juu linamwaga maji kwenye la chini yake, nalo kwenye jingine, mnyororo mzima. Bwawa kubwa kuliko yote linaitwa Mer Rouge, yaani Bahari ya Shamu. Hadithi ya wenyeji inasema bwana mmoja wa eneo lile alichukuliwa mateka kule Mashariki wakati wa Vita vya Msalaba, na aliporudi salama akalipa bwawa lake jina hilo.

Kila mwaka, vuli au majira ya baridi, mabwawa haya hufunguliwa. Kizibo kinatolewa, maji yanashuka siku kadhaa, samaki wanakimbilia shimo lililo karibu na tuta, na watu wanaingia na wavu. Nilisimama juu ya tuta asubuhi moja ya Novemba, vidole vimekufa ganzi. Walikuwa kama kumi na tano, wastaafu na vijana wa jirani, wamevaa mabuti ya mpira mpaka kifuani, wanavuta wavu kwa kelele zilezile unazozisikia Feri alfajiri. Karpe wanamwagwa mezani, wanachambuliwa kwa haraka, mkubwa huku, mdogo huku, wa kurudishwa kwenye bwawa jingine kule. Pembeni, si mbali, yangeyange na makorongo ya kijivu yamejipanga kwenye tope yanaokota vilivyobaki. Hakuna aliyewafukuza ndege, na hakuna aliyewafukuza wavuvi. Baadaye nikauziwa karpe wa kukaanga, amekatwakatwa vipande vyembamba kama chipsi. Alihitaji pilipili, lakini hilo ni kosa la taifa zima, tuliache.

Na hapo nilipokuwa nimesimama ni ndani ya hifadhi. Brenne ni hifadhi ya asili ya kimkoa tangu 1989. Tangu 1991 imo kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndani yake kuna hifadhi nyingine yenye masharti makali zaidi, Chérine, iliyoanzishwa 1985, ambako unaingia kwenye kibanda cha mbao chenye matundu, unakaa kimya, unatazama. Nilimuuliza mwongozaji mmoja swali la kisemina: je, hawa wafugaji wa samaki si wanasumbua viumbe? Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama wakulima wanasumbua mahindi.

Maelezo yake ni rahisi. Bwawa likiachwa peke yake linakufa. Tope linajaa, matete yanasonga mbele, mierebi inafuata nyuma ya matete, na baada ya miaka unapata kichaka. Kuna ndege mmoja mdogo, jamaa ya membe, mwenye mashavu meupe, anayejenga kiota chake juu ya majani ya yungiyungi yanayoelea. Bila maji ya wazi yenye yungiyungi hana pa kujenga. Kuna kobe wa majini ambaye Brenne ni mojawapo ya ngome zake kubwa nchini humo. Huyu anaishi bwawani ila anataga nchi kavu, kwenye malisho yenye udongo mwepesi, na malisho yale yako wazi kwa sababu mifugo inakula pale. Ondoa mfugaji, nyasi zinageuka vichaka, na kobe anakosa pa kufukia mayai. Kwa hiyo hifadhi hii haiwavumilii watu kwa shingo upande. Inawahitaji! Anayewatisha pale ni kamba mwekundu wa maji baridi kutoka Louisiana, aliyeletwa kwa biashara na sasa anafyeka mimea ya majini.

Sitaki mdhani wanaishi kwa kukumbatiana. Wafuga samaki wanamchukia mnandi kwa moyo wote, na serikali hutoa vibali vya kuwapiga risasi baadhi yao kwa idadi iliyopangwa. Wapenda ndege wananuna. Kila upande una hasira, na bado wote wanakaa meza moja.

Kusini zaidi, jirani na jiji la Lyon, kuna Dombes, yenye mabwawa zaidi ya 1,000. Huko bwawa linajazwa maji na kuvuliwa kwa miaka michache, kisha linakaushwa mwaka mmoja na kupandwa nafaka, halafu maji yanarudishwa. Shamba na bwawa ni kitu kimoja, zamu kwa zamu. Karne ya 19 wakubwa waliamua mabwawa ndiyo chanzo cha malaria (hawakukosea sana) na mengi yakakaushwa. Wenyeji hawakukubali kuachana na samaki wao, na sheria ya mwaka 1901 ikawaruhusu kuyajaza tena. Siku hizi wanaokwenda Dombes kutazama ndege wanatazama matunda ya ubishi wa wanakijiji.

Lakini kilichonifanya niandike haya kwa hasira ni ng'ombe.

Karibu na mdomo wa mto Seine, kule Normandy, kuna kinamasi kinaitwa Marais Vernier. Ni pinde la zamani la mto, umbo la nusu mwezi, limezungukwa na vilima na nyumba za makuti ya matete. Zamani wanakijiji walichunga pale. Kilimo kilipobadilika, sehemu zenye maji mengi zikaachwa, kwani ng'ombe wa kisasa wa maziwa hawezi tope. Yakaota matete, vikaja vichaka, na maua adimu na ndege wa nyasi fupi wakaanza kupotea. Unajua wataalamu wa hifadhi walifanya nini? Mwaka 1979, katika hifadhi ya Mannevilles, walileta ng'ombe. Tena waliwafuata Uskoti! Wale wenye manyoya marefu yanayofunika macho, wagumu, wanaolala nje mwaka mzima. Wakaongeza na farasi weupe wa Camargue. Wakawaachia kinamasini wale, wakanyage, wafungue.

Nilisimama pale uzioni natazamana na ng'ombe mmoja mwenye nywele kama mwanamuziki wa roki, na mawazo yangu yote yakaenda Usangu.

Mnakumbuka Ihefu? Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwenye kinamasi cha Ihefu, bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kila kiangazi, umeme wa Mtera ukawa wa shida, nchi ikakaa gizani, na mshitakiwa akapatikana: ng'ombe. Familia zikaswagwa na mifugo yao kuelekea mikoa ya kusini kama Lindi, safari ndefu, mali ikifia njiani. Mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wakati wote huo sentensi ya "wenzetu" ilikuwa inafanya kazi yake. Na wakati wote huo, wenzetu walikuwa wanalipa watu kulisha ng'ombe wa kigeni ndani ya kinamasi chao kwa jina lilelile la uhifadhi.

Najua utakachosema. Ihefu walikuwa wengi mno, Mannevilles ni kundi dogo linalohesabiwa. Kweli kabisa! Hoja hiyo naipokea kwa mikono miwili, kwa sababu inanisaidia. Tatizo likiwa idadi, dawa yake ni idadi: kaa na wafugaji, hesabuni, pangeni misimu, pangeni nani anaingia lini na wapi. Usangu ilikuwa na mashamba makubwa ya mpunga yaliyochukua maji ya mito kabla hayajafika Ihefu, na hayo yalijadiliwa kwa sauti ya chini sana. Kumhesabu ng'ombe ni kazi. Kumfukuza mwenye ng'ombe ni amri ya siku moja, ndiyo maana inapendwa.

Na mpunga nao? Nendeni Camargue, delta ya mto Rhône. Mpunga wa huko ulipata nguvu miaka ya 1940, kwa jasho la vibarua walioletwa kwa lazima kutoka Indochina, watu ambao historia iliwasahau kwa muda mrefu. Maji ya mto yanayosukumwa mashambani ndiyo yanayopunguza chumvi ya delta. Na flamingo, wale wa kwenye kadi za posta? Walikuwa wanashindwa kuzaliana vizuri, hivyo mwaka 1970 wakajengewa kisiwa cha udongo kwenye bwawa la Fangassier, ndani ya eneo la kampuni ya chumvi. Walianza kutaga juu yake mwaka 1974. Baadaye uzalishaji wa chumvi upande ule ulipoachwa na maji yakabadilika, kundi lilihamia upande wa Aigues-Mortes, ambako chumvi ilikuwa bado inavunwa. Flamingo amempigia kura mchimba chumvi! Nyie mnamwambia nini?

Basi hili wazo la hifadhi tupu limetoka wapi? Angalia tarehe. Wajerumani walianza kutenga mapori ya wanyama Tanganyika tangu 1896. Waingereza waliwatoa Wamasai Serengeti mwaka 1959. Miaka minane baadaye, 1967, Ufaransa ikapitisha amri ya kuanzisha aina mpya ya hifadhi kwa ajili ya mashamba yake yenyewe, hizi za kimkoa kama Brenne. Ndani yake kuna vijiji, makanisa, baa, shule, machinjio. Vijiji vinatia saini mkataba wa pamoja, na baada ya muda fulani unajadiliwa upya. Leo ziko zaidi ya 50. Kwa hiyo Ulaya ilikuwa na dawa mbili kabatini. Ya kwao ni ya mkataba. Ile ya kufungasha waliisafirisha.

Sasa nisigeuke na mimi kuwa msemaji wa ubalozi. Ufaransa si pepo. Ripoti ya serikali yenyewe ya mwaka 1994 ilionyesha kuwa takriban nusu ya ardhioevu ya nchi ilipotea ndani ya miaka thelathini. NUSU. Ila uliza nani aliiua, maana jibu lake si mvuvi wa karpe. Ni mifereji ya kukausha, mahindi ya biashara, barabara, viwanda na ruzuku. Marais poitevin, magharibi, kinamasi kilichochongwa na watawa pia (kuna mfereji uliochimbwa na abasia tano tangu 1217), kilivuliwa hadhi ya hifadhi miaka ya 1990 kwa sababu malisho yalilimwa mahindi. Hadhi ilirudi 2014. Mwaka huohuo wa 2014, kule Sivens, kijana wa miaka 21, Rémi Fraisse, aliuawa na guruneti la polisi usiku wa maandamano ya kupinga bwawa la umwagiliaji lililofyeka kinamasi. Wanaotetea kinamasi wakiwa wanakijiji na vijana, na anayekiangamiza akiwa na kibali chenye muhuri... hiyo picha hamjaiona mahali?

Kuna pia ziwa la Der, Champagne, lilikojazwa mwaka 1974, hekta 4,800. Vijiji vitatu vilimezwa: Chantecoq, Champaubert-aux-Bois na Nuisement-aux-Bois. Kwa hiyo ndiyo, walihamisha watu kwa ajili ya maji. Lakini walisema ni kwa sababu gani: kuikinga Paris na mafuriko ya Seine. Makorongo ya kaskazini, makumi ya maelfu kila vuli, yalikuja yenyewe baada ya ziwa kuwepo. Hakuna aliyemwambia bibi wa Chantecoq kwamba anahama kwa sababu ndoo yake inasumbua ndege.

Na kuna mahali nilipokaribia kuiona ile hifadhi tupu. Ni ziwa la Grand-Lieu, jirani na Nantes. Tajiri wa manukato, Guerlain, aliyelimiliki kwa ajili ya kuwinda, alilitoa kwa serikali mwaka 1977, na 1980 likawa hifadhi. Wageni hatuingii ziwani, tunapanda mnara kijijini Passay na kutazama kwa mbali. Nikajiandaa kushindwa hoja. Kumbe ziwani wamo wavuvi! Wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole, lakini haki yao haikuguswa. Aliyezuiwa ni mtalii. Wafikirie hilo wale wanaoamini kuwa mtalii ndiye mwenye haki ya kwanza na mvuvi ndiye mvamizi.

Uzio wa kweli niliukuta Sologne, nayo ni nchi ya mabwawa na misitu kusini mwa Orléans. Kilomita kwa kilomita za waya. Ndani si hifadhi, ni mashamba ya matajiri wanaowinda wikiendi na marafiki. Waya umekata njia za paa na nguruwe mwitu, mpaka bunge likaingilia: sheria ya tarehe 2 Februari 2023 inataka nyua zisizidi mita 1.20 na ziache sentimita 30 chini ili wanyama wapite, na nyingi za zamani zimepewa hadi 2027 kurekebishwa. Sheria hiyohiyo ikaweka faini kwa mtembea kwa miguu atakayevuka kibao cha mali binafsi. Nguruwe karuhusiwa, mwananchi kakatazwa. (Februari 2 ndiyo siku ya ardhioevu duniani, maana Mkataba wa Ramsar ulitiwa saini tarehe hiyo mwaka 1971. Sidhani kama mbunge yeyote aliuona utani huo.) Wanakijiji wa Sologne wanapiga kelele kweli kuhusu mabwawa waliyoogelea utotoni, na naomba washinde.

Sasa atakayeniambia tena "wenzetu Ulaya mtu hasogei", nitamwomba anitajie bwawa. Jina la bwawa, na jina la kijiji kilicho kando yake. Kama hana, akae kimya, au apande treni.

Na nyie mliopo Paris msiniambie Brenne ni mbali, nauli ghali. Pandeni RER C mpaka Saint-Quentin-en-Yvelines. Kuna bwawa pale lililochimbwa karne ya 17 ili chemchemi za bustani za mfalme kule Versailles zisikose maji. Leo upande wake mmoja ni hifadhi ya taifa ya ndege, upande wa pili watoto wanajifunza kuendesha mashua za tanga. Nendeni asubuhi mapema, na mbebe darubini na chai yenu wenyewe, maana ya kioski cha pale ni maji ya moto tu.